Fukwe Zisizo na Barabara

Mimi dirisha la ofisi silihofii. Miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya madirisha ya kila namna hapa Johannesburg, ya wakimbizi, ya polisi, ya shule, na nilijua zamani kwamba anayeketi upande wa pili naye ana njaa na miguu inamuuma. Kwa hiyo asubuhi niliyokwenda kuomba viza ya Ugiriki nilivaa gauni la kanisani, nikajifunga kitenge kiunoni, nikabeba faili nene kama tofali, nikaingia kifua mbele.

Viza yenyewe haikuwa ya starehe zangu. Namtunza bibi mmoja wa Kigiriki, Evanthia, mwenye miaka themanini na mmoja na nyumba ya mawe kwenye kilima cha Observatory, dakika ishirini kwa miguu kutoka chumba changu cha Bellevue. Alikuja nchi hii akiwa bi harusi. Nyonga yake imekufa na macho yanafifia, lakini mdomo mzima. Mwaka huu alitangaza kwamba atakwenda kisiwani kwao kuziona fukwe nne alizoogelea akiwa msichana, na kwamba hatakwenda na mtu mwingine ila mimi. Daktari alisema bila mtu wa kumshika asithubutu kupanda ndege. Mimi nikinyimwa viza, yeye haendi, na sote wawili tulijua kwamba mwaka mwingine wa kujaribu hana.

Fukwe hizo nilizijua kwa kichwa, maana alinisimulia kila nilipokuwa namkanda miguu. Ya kwanza ina kokoto nyeupe, kila moja ukubwa wa yai, na wimbi likirudi nyuma utadhani mtu anamwaga maharage kwenye sufuria. Ya pili unafika kwa njia ya mbuzi. Ya tatu ina pango lenye maji baridi ya kunywa. Ya nne, aliyoipenda kuliko zote, iko mwisho wa korongo, saa nzima kwa miguu, na pale hakuna mwavuli, hakuna kiti, hakuna anayeuza soda. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Kwetu ufukwe wa ziwa siku ya Jumapili ni muziki, samaki wa mukeke wa kuchoma na watu kugongana mabega. Mtu apande ndege kutwa nzima kwenda mahali pasipo hata muuza maji? Nilimwambia hivyo hivyo. Akacheka hadi akakohoa, akasema hapo ndipo penye utamu wenyewe.

Kosa langu lilianzia kwa Ruphin. Ni fundi cherehani kutoka Bukavu, tunagawana ukuta mmoja, na pale Bellevue ndiye mwalimu wetu wa mahojiano. Ukienda ofisi ya wakimbizi bila kupita kwake, watu wanakuona mjinga. Anakukalisha kwenye stuli, anakuuliza maswali huku anashona, na ukikosea mnaanza upya. Nilipomweleza habari za fukwe nne aliweka mkasi chini.

“Dada, usiseme iyo,” aliniambia. “Muzungu atawaza unaenda kujificha mu pori. Sema hoteli. Hoteli kubwa, na piscine. Na ukishasema, usibadirishe. Ukibadirisha tu, bamekumaliza.”

Nilimsikiliza, kwa sababu kanuni hiyo ya mwisho sote tumeishi nayo. Maelezo uliyotoa siku ya kwanza ya ukimbizi ndiyo utakayoulizwa miaka yote. Ukichanganya tarehe moja, wewe mwongo. Nawajua watu waliokataliwa kwa sababu mara ya pili walikumbuka vizuri zaidi. Barua ya mwaliko ya mpwa wake bibi ilikuwa kwenye faili, tungelala kwake, lakini Ruphin alitaka hoteli ya kushindia mchana, pale pale kwenye ufukwe wa nne. Jumamosi mbili nzima tuliijenga. Tuliipa ghorofa tatu, piscine ya Ruphin, yaani bwawa la kuogelea, na gari la kuwashusha wageni hadi kwenye maji. Binti yangu Murielle, wa miaka kumi na saba, alikuwa kitandani na vitabu vyake, akatuambia kwa Kiingereza chake kwamba eish, tutaumbuka. Nikamwambia anyamaze, yeye hajawahi kuomba kitu serikalini.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani kwenye mkufu. Maswali yake ya kwanza niliyajibu bila kumeza mate. Kisha akaishika barua ya daktari, akauliza huyu bibi asiyeweza kutembea atafikaje kwenye fukwe nne ambazo mpwa amezitaja kwenye mwaliko. Nikaitoa hoteli yangu ya mwisho wa korongo na gari lake, na bwawa nikaliongeza kwa ukarimu.

Alivua miwani. Akaniambia taratibu kwamba mama yake alizaliwa kisiwa cha jirani, na korongo lile amelishuka mwenyewe kwa miguu. Hakuna hoteli. Hakuna gari linaloweza kufika, kwa sababu hakuna barabara. Akaniuliza kama nataka kubadilisha jibu langu.

Kila nilichojifunza katika nchi hii kilinikataza. Mtu wa kwetu angekaza uso na kuapa kwamba hoteli ni mpya, imefunguliwa juzi. Niliogopa, sitaficha, na hasira ikanipanda palepale: bibi wa watu alikuwa amekaa Observatory na sanduku lililokwisha kufungwa, na mimi nilikuwa karibu kumnyang'anya bahari yake kwa ajili ya bwawa la Ruphin.

“Ndiyo, nabadilisha,” nilisema. “Hoteli ni uongo. Niliambiwa mnapenda hoteli. Huko hakuna kitu, na bibi anakwenda kwa sababu hakuna kitu. Nitambeba.”

Akauliza nitambeba vipi. Nilirudi hatua moja, nikafungua kitenge, nikainama, nikamwonyesha jinsi ninavyompandisha ngazi za nyumbani kwake kila siku, mgongoni, kitenge kimefungwa kifuani, foleni nzima ikinitazama. Nikamweleza kwamba bibi ana kilo arobaini na nne tu. Kwetu milimani mgonjwa haachwi kwa kuwa njia ni mbaya. Majirani wanamlaza kwenye ingobyi, machela ya kubebwa mabegani, wanapokezana hadi hospitali. Kule kisiwani nitakuwa peke yangu, kwa hiyo nitatumia mgongo.

Aliandika kwa muda mrefu. Halafu akauliza atajuaje kwamba nitarudi.

Hilo hata Ruphin hakuniandalia. Kila mahali nimeulizwa kwa nini niliondoka. Hakuna aliyewahi kuniuliza nitarudi kwa nini.

“Kwa sababu nikimbeba kwenda, nitambeba kurudi,” nilisema. “Mimi simwachi mtu njiani.”

Viza ilitoka baada ya siku kumi na mbili. Nilipanda kile kilima mbio. Nilimkuta bibi jikoni akichemsha kahawa kwenye kibirika chake cha shaba, nikampa pasipoti aipapase, nikamsimulia yote. Kwa hoteli alicheka hadi machozi. Nilipofika kwenye jibu la mwisho aliacha kucheka, akazima jiko, akaniambia nikae.

Tiketi yangu ilikuwa ya kwenda na kurudi. Yake ilikuwa ya kwenda tu. Nyumba alikwisha kuiuza, wenyewe wapya wangeingia Oktoba, na mpwa wake alikuwa ameshapaka rangi chumba cha chini. Alikuwa anakwenda kufa kwao, na alichelewa kuniambia kwa sababu alijua nitalia.

Sikulia. Niliwaka. Nilimwambia Ruphin alinifanya mwongo mara ya kwanza, yeye amenifanya mara ya pili kwenye dirisha lile lile, na safari hii bila hata kunifundisha. Nilimwambia nimemuosha, nimemlisha, nimemsomea dawa kwa miaka sita, na nimejua habari zake baada ya watu walionunua nyumba. Aliniacha nikamaliza yote.

“Kwa mpwa wangu kuna kazi na kuna chumba,” alisema. “Wengi wangebaki. Sasa wewe utarudi kwa nini?”

Niliitazama ile kahawa ikipoa. Kazi yangu ilikuwa imekwisha kuuzwa pamoja na nyumba. Lakini jibu nilikuwa nalo, na nililisema bila kuhangaika kulitafuta.

“Burundi nilitoka nikikimbia. Tanzania nikikimbia, Msumbiji nikikimbia. Sikumuaga mtu. Hapa nataka kutoka kama watu wanavyotoka, na begi langu, na siku ya kurudi inajulikana. Murielle atakuja kunipokea.”

Tulikwenda Septemba. Fukwe tatu tulizimaliza kwa siku tatu, na kokoto kweli zinapiga kelele ile ya maharage. Ya nne nilimbeba korongo zima, tukipumzika kila penye kivuli, naye akinielekeza kwa kumbukumbu, na hakukosea hata kona moja. Nilimvua viatu nikaingia naye majini na gauni langu. Tulikuwa wawili tu. Tulishinda pale hadi alasiri na hakuna mtu aliyekuja kuniuliza mimi ni nani, nimetoka wapi, karatasi ziko wapi. Nikamwambia bibi sasa nimeelewa utamu wake. Akanibana mkono, akasema alijua nitaelewa kuliko mtu yeyote.

Siku ya kumi na nane nilimuaga. Nililia, naye alilia, na hatukufichana.

Kwenye uwanja wa ndege wa Johannesburg, afisa wa uhamiaji aliipekua pasipoti yangu, akaniuliza nimekuja Afrika Kusini kufanya nini. Nilimwambia sijaja, nimerudi. Akaniangalia, akagonga muhuri, akaita mtu wa nyuma yangu.