Lulu Ambazo Delfina Hakuzivaa

Buenos Aires nzima iliujua wimbo ule: mwanamke wa mtaa wa Boedo amemtupa mume maskini, amemfuata tajiri aliyemvisha lulu, na siku moja atarudi akilia. Watu wa Boedo walijua pia mwanamke mwenyewe ni nani. Delfina Iturbe, fundi cherehani, alikuwa amechoka na wateja waliokuja kupimwa nguo huku wakimchungulia shingoni.

Lulu gani? Evaristo, mumewe, ndiye aliyeondoka miaka sita nyuma, tena asubuhi kweupe, birika likiwa jikoni, akamfuata mwimbaji mmoja wa kike wa mji wa Rosario. Kisha akatunga wimbo kwamba ameachwa yeye. Muongo yule alililiwa na kodiani nne, na nchi nzima ikamwonea huruma!

Jumapili moja alasiri Evaristo aliingia kwenye dansi ya klabu ya mtaa. Bendi ikaanza wimbo wake kwa kumheshimu. Akasimama ng'ambo ya ukumbi, akamwinamishia Delfina kichwa. Katika dansi ya tango mwanamume huomba kwa kichwa, mwanamke hukubali kwa macho.

Rafiki yake Herminia alimfinya. "Tazama pembeni, shoga! Ukimkubali ni nyimbo nne hizo. Humwachi njiani ila kwa kumwambia ahsante, na kuliko aibu hiyo heri umzabe kofi."

"Najua," Delfina akasema, akamkazia macho Evaristo.

Wakacheza. Delfina alikwenda kichwa juu, hakukosea hatua hata mwimbaji wa bendi alipofika kwenye kilio. Moyo ulimuuma, tusidanganyane. Mkono ule mgongoni aliwahi kuupenda sana.

Wimbo ulipokwisha, wachezaji walibaki wawili wawili wakipiga soga, wakingoja wa pili.

"Rudi nyumbani, Delfi," Evaristo akanong'ona. "Watu wote wanangoja urudi. Wimbo umeshasema."

"Na lulu zangu ziko wapi?"

"Aa, maneno tu hayo, mama! Wimbo bila mwanamke mbaya nani atausikiliza?"

"Basi ahsante, Evaristo."

Alilisema likasikika hadi meza za mwisho. Evaristo akamtolea mkono amsindikize kwenye kiti, kama inavyompasa mwanamume. Delfina hakuushika. Aliukata ukumbi peke yake, katika gauni aliloshona mwenyewe, shingo wazi, na kila mtu akaiona.

Wimbo wa pili ukaanza. Evaristo alikuwa bado amesimama katikati, mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita alikuwa ameachwa kweli.