Atoe Moto Wake

Watu wa Moto walianza kunipa tabu siku ile ile nilipowaumba, na mpaka leo nikisikia mtu anawasha kiberiti natazama kwanza mkono wake.

Mchezo ule niliutunga mwenyewe. Ni mchezo wa mezani: kila mchezaji anajivika mtu wa zama za kale, anasema kama yeye na kuamua kama yeye, mimi nasimulia dunia inayowazunguka, na penye ubishi dadu linakata shauri. Makabila yapo manne. Watu wa Udongo ni wazito na hawasahau kitu. Ukiwakosea wewe, watamkumbusha mjukuu wako. Watu wa Maji hawasemi jambo moja kwa moja, wanazunguka weee, mpaka ukija kushtuka umeshalowa. Watu wa Upepo hawana kwao. Na hao wa Moto wanakuja, wanakula, wanaondoka, na nyuma yao habaki wa kusimulia.

Tulicheza Jumapili mchana nyumbani kwa mama, kwenye meza ya kulia chakula ambayo mguu wake mmoja ni mfupi, umetegewa kipande cha kadibodi. Mama alichukua Udongo kwa sababu, alisema, mtu wa umri wake hana tena sababu ya kukimbia. Mdogo wangu alichukua Maji. Mumewe, shemeji yangu, fundi friji ambaye mtaa mzima unamwita Baridi, aliurukia Moto kabla sijamaliza kueleza. Upepo ulikosa mwenyewe, nikaubeba mimi.

Basi Baridi akatuchoma. Mji wa mama akauteketeza, mito ya mkewe akaikausha, na akishinda alikuwa anapiga meza kwa kiganja mpaka kadibodi inachomoka. Nani anataka kucheza mchezo ambao mshindi anajulikana kabla ya chai? Nikampunguzia nguvu. Akanuna kama mtoto aliyenyang'anywa kijiko.

"Shemeji, umenipa moto wa kupashia viporo," alisema. "Huu si moto. Hii ni huruma."

Nilikasirika, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Moto usiotisha hauna ladha. Ukitaka makabila yapimane bila kuyaua utamu, usimpunguzie mwenye nguvu nguvu zake, mtoze kitu anachokipenda. Wazo hilo lilinijia kazini. Nafanya kazi kwenye duka la kuchapa, kadi za mialiko na vitambulisho, na siku hiyo mashine ilikuwa imepata joto tukaizima ipumzike. Nikiwa nimesimama pale nikaandika kwenye simu kanuni mpya: Mtu wa Moto akitaka ushindi usiopingika, atoe moto wake. Yaani pambano hilo analichukua, hakuna dadu wala ubishi, halafu moto unamtoka, anabaki mtu wa kawaida kama sisi mpaka mchezo uishe. Nilijiona bingwa. Nikaituma kwenye kompyuta, nikaichapa kwenye karatasi ngumu, nikaivisha plastiki pande zote mbili, nikaikata pembe zikawa mviringo. Sikuisoma tena. Maneno ya wateja nayasoma hadi macho yanauma, ila yangu niliyaamini.

Palikuwa na kanuni nyingine, ya zamani kidogo, niliyoiweka kwa ajili ya Baridi na mdomo wake: kadi ikishasomwa mezani ni sheria, haibadilishwi mpaka mchezo uishe. Hata mimi mwenyewe sibadilishi. Niliisema hiyo kwa kidole juu.

Sasa mdogo wangu alikuwa mjamzito, tumbo limefikia mahali pa kuegemeza kikombe. Kabla ya hapo mimba mbili zilikuwa zimetoka, na ya pili ilikuwa imeshaanza kuonekana hadi majirani wakampa hongera. Kwa hiyo pale nyumbani tulikuwa na furaha inayotembea kwa kunyata. Alikuwa anacheka huku mkono uko tumboni. Hakuomba kingine chochote duniani ila huyu afike, na sisi sote tulikuwa hivyo hivyo, Baridi akiwemo, tena yeye alishatengeneza kitanda kwa mbao za maboksi ya friji.

Jumapili ile Baridi alibanwa. Watu wa Maji walikuwa wamefunga lango la bwawa, dadu linamkataa kila akilirusha, na mkewe anamkejeli kwa ile sauti yake ya Maji, laini, ya kuzunguka. "Karibu, mgeni, uingie uoge. Unaonekana una joto." Mama akacheka mpaka akavua miwani. Baridi hakucheka. Alinyoosha mkono akachukua kadi mpya.

"Mtu wa Moto akitaka ushindi usiopingika," akasoma, "atoe mtoto wake."

Mama akavaa miwani yake. Nikampokonya Baridi ile kadi, nikasoma, na kweli, mtoto. Simu ilikuwa imenisaidia bila kuombwa. Na uchungu wake ni kwamba sentensi ilikaa vizuri kabisa, haikulalamika popote. Moto wake, mtoto wake. Lingekuwa neno jingine lolote lingepiga kelele.

"Ni moto," nikasema. "Simu ndiyo imebadilisha. Atoe moto wake."

"Imeandikwa mtoto," Baridi akasema. "Na nani alisema kadi ikisomwa ni sheria? Nani alininyima ule mji wa bandari kisa alama ya mkato kwenye kadi?"

"Dada, ifute," mdogo wangu akasema.

Nikatoa kalamu ya wino mzito kwenye mkoba. Wino ukateleza juu ya plastiki, ukajikusanya vitone vitone, nikaupitishia kidole ukaisha wote. Neno likabaki linang'aa.

"Basi itoe mezani."

"Mchezo haujaisha," nikamjibu. "Tumalize huu, kesho nachapa nyingine." Nilijibu hivyo kwa sababu Baridi alikuwa ananitazama kwa jicho la leo nimekupata, na mimi sikuwa tayari kuvunja sheria yangu mbele ya macho yale.

Mama akajaribu kuigeuza utani. "Kwani Mtu wa Moto ana mtoto? Mbona hata habari za mkewe hatujawahi kuzisikia."

"Anaye," Baridi akasema. "Yuko njiani." Alikuwa anatabasamu. Mtu akinusa ushindi haangalii kushoto wala kulia.

"Usiseme." Haikuwa tena sauti ya Maji. Ilikuwa sauti ya mdogo wangu, kavu. "Mume wangu, usiliseme hilo neno."

"Ni mchezo, mke wangu."

"Najua ni mchezo. Sema umeshindwa, leo tu. Utapungukiwa nini?"

Baridi akaiangalia kadi, akaliangalia dadu lililomkataa, akaniangalia mimi. Nilikuwa na uwezo wa kutikisa kichwa. Sikutikisa.

"Natoa," akasema.

Basi nikasimulia, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Nikasema lango la bwawa likalainika kama nta, maji yakapanda juu yakawa mvuke, Watu wa Maji wakaitana kwa majina kwenye ukungu na hakuna aliyeitikia. Sauti yangu ilinitisha mwenyewe, kwa sababu ilitoka nzuri kuliko siku zote. Baridi akapiga meza. Meza ikainama, dadu likabingirika mpaka mapajani kwa mkewe. Hakuliokota.

Mama akaleta chai na tukaendelea, kwa kuwa kuacha kungekuwa kukubali kwamba kuna kitu kimetokea. Mdogo wangu alikaa ameweka viganja pande zote mbili za tumbo, kama mtu anayesikiliza chumba cha pili. Akaenda kunywa maji ya friji. Akalala ubavu kwenye kochi, akageuka, akalala ubavu mwingine. Mwisho akarudi akakaa kwenye kiti chake.

"Hachezi," akasema.

"Nani hachezi?" Baridi alikuwa anachanganya kadi, kichwa chini. "Mama amecheza, mimi nimecheza. Zamu ni yako."

"Mtoto," akasema mdogo wangu. "Hachezi."

Jirani alitupeleka kliniki kwa gari lake, na njia nzima Baridi alimshika mkewe mkono. Mkunga alitupokea vizuri. Alimlaza mdogo wangu kitandani, akampaka ule ute wa baridi tumboni, akaanza kusogeza kifaa taratibu. Ndani ya spika mlikuwa na mkwaruzo, kama redio iliyokosa stesheni.

"Wakati mwingine wanalala tu," mkunga alisema, na akatabasamu. Akasogeza tena. Akaongeza sauti, mkwaruzo ukajaa chumba. Kisha akaizima sauti kabisa, akakigeuza kioo cha mashine kimtazame yeye peke yake, na akatuomba mimi na shemeji tusubiri nje. Mama alibaki.

Ukumbini palikuwa na benchi na feni isiyozunguka. Niliogopa kukaa. Baridi alikaa, akasimama, akanisogelea karibu sana.

"Shemeji," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Kanuni inasemaje mtu akitaka kurudisha?"

"Kurudisha nini?"

"Ushindi. Aurudishe, naye arudishiwe chake."

Huyu mtu hakuwahi kuniuliza swali la mchezo nikakosa jibu. Nilikuwa najivunia hilo. Nilitafuta kichwani kadi baada ya kadi, na hapakuwa na kitu.

"Sikuandika," nikamwambia.

"Basi andika," akasema, akaanza kujipapasa mifukoni kutafuta kalamu. "Andika sasa hivi." Alikuwa bado anapapasa tuliposikia mama akilia kule ndani.