Shikamoo Saba za Barabarani

Bibi Boke hakuwahi kuiogopa saa ya ukutani mpaka mjukuu wake, Teddy, alipopata kazi ya ualimu Tarime mjini. Shuleni kwao kulikuwa na daftari la mahudhurio. Ikifika saa moja na nusu asubuhi, mwalimu mkuu alichora mstari mwekundu. Aliyesaini chini ya mstari alikuwa amechelewa. Teddy alikuwa bado hajathibitishwa kazini, na mwezi huo alikwisha kusaini chini mara mbili.

"Na ya tatu?" bibi aliuliza.

"Ya tatu ni barua, bibi. Huenda na kazi ikaondoka."

Mwenzake, mwalimu Christina, alipanga chumba mjini. Dakika kumi kwa miguu, chai amekwisha kunywa, viatu havina vumbi. Kutoka kijijini kwao Nyarero ni dakika arobaini kwa bodaboda. Chumba cha jirani na Christina kilikuwa wazi, lakini Teddy hakutaka kukisikia. Tangu bibi aanguke jikoni, yeye ndiye aliyechota maji na kumkanda goti.

Bibi alichambua maharage huku akihesabu kwa vidole. Anatoka saa kumi na mbili na nusu. Ongeza arobaini: saa moja na dakika kumi. Zinabaki ishirini. Zinakwenda wapi?

Jioni Nathan, kijana wa bodaboda, alipomleta Teddy, bibi akamzuia.

"We mura, kijana, pikipiki yako ni mbovu?"

"Pikipiki haina neno, bibi. Taabu ni adabu ya abiria wangu."

"Nathan, nyamaza," Teddy akasema.

"Sinyamazi, nimeulizwa na mkubwa. Bibi, kila akimwona mzee ananigonga bega, simama! Anashuka, anapiga goti, shikamoo. Anaulizwa mahindi, anaulizwa ng'ombe, anaulizwa na goti lako. Wazee saba kabla hatujafika lami! Mzee Kisyeri peke yake dakika tano, na hapo hajakohoa."

Bibi alitaka kucheka, akaacha. Alimkumbuka Teddy wa darasa la tatu, aliyempita mzee akiwa juu ya baiskeli. Ni yeye bibi aliyemrudisha kwa fimbo: mkubwa haamkiwi kutoka juu ya chombo.

"Kwa nini hukuniambia?"

Teddy akainamisha kichwa. "Ningekuambia nini, bibi? Kwamba adabu yako inanipotezea kazi?"

Kesho yake, Teddy akiwa shuleni, bibi alishika mkongojo akapita nyumba hadi nyumba. Goti lilimlilia njia nzima. Kila alipofika alisema, "Mjukuu wangu akipita asubuhi bila kushuka, msiseme ameota mapembe. Atawaamkia Jumapili, mmoja mmoja."

Mama Nyangwine alipiga makofi. "Kumbe mtoto anachelewa! Sisi tunamuuliza mpaka habari za kuku!" Akamfungia bibi ndizi kwenye kanga.

Mzee Kisyeri, jirani wa bondeni, alikuwa wa mwisho. Bibi alimwogopa kuliko wote. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Boke, unajua mimi ni mtu wa kulala mpaka jua lipande. Siku hizi naamka na kiza, najikokota hadi barabarani. Naogopa mtoto atashuka bure asinikute."

Bibi akamshika mzee mkono.

Ijumaa mvua ilinyesha. Teddy aliondoka saa kumi na mbili na nusu, wameshakubaliana: hatashuka njiani, na akisaini juu ya mstari, atabipu. Bibi alisimama mlangoni akisikiliza. Pikipiki iliteremka bondeni, na safari hii haikupunguza mwendo. Kisha akasikia sauti ya mzee Kisyeri, kavu na kubwa:

"Pita, mwalimu! Pita! Marahaba!"

Bibi akaketi chini ya saa, simu mapajani. Saa moja na kumi. Na robo. Aliiwazia barabara, utelezi, lori la mchanga. Na ishirini. Simu kimya. Akaifuta kwa kanga, kana kwamba ilikuwa na vumbi. Na ishirini na tano.

Dakika ya ishirini na saba simu ikalia mara moja, ikakatika.

Bibi Boke aliiweka sikioni hivyo hivyo.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema.