Mjumbe wa Kura ya Mama Elvire

Lifti ya jengo letu la Hallunda iliharibika siku ya Ijumaa, na hadi Jumapili ya uchaguzi hakuna fundi aliyekuwa amefika. Mimi naishi ghorofa ya pili. Mama Elvire anaishi ya sita. Nilizipanda ngazi hizo baada ya ibada, nikiwa bado nimevaa tai, nikisimama kila kona kuvuta pumzi. Nilikuwa nimeombwa kuwa shahidi, na mtu aliyeombwa ushahidi hatoi udhuru wa magoti.

Sheria ya uchaguzi ya nchi hii ina huruma kwa mgonjwa na kwa mzee. Asiyeweza kufika kituoni aweza kuituma kura yake kwa mkono wa mjumbe. Mpiga kura hutia karatasi zake katika bahasha ndogo kwa mkono wake mwenyewe. Kisha bahasha hizo hutiwa katika bahasha kubwa mbele ya mjumbe na shahidi. Mjumbe hueleza kwa maandishi uhusiano wake na mpiga kura. Shahidi huandika anwani yake, na huthibitisha kwamba hajui jambo lolote linaloyafanya maelezo hayo yasiwe ya kweli. Nilikuwa mkalimani wa mahakama hapa Stockholm hadi nilipostaafu, na sentensi hiyo ya mwisho naifahamu vema. Ni fupi, nayo haina mlango wa nyuma.

Mama Elvire alikuwa ameketi mezani, amevaa kitenge anachokitunza kwa ajili ya harusi za watu. Alivunjika nyonga mwezi wa Machi alipoteleza kwenye barafu, na tangu hapo hajashuka ngazi ila kwa machela. Mbele yake palikuwa na bahasha tatu ndogo, zimekwisha kufungwa: ya bunge, ya mkoa na ya manispaa. Uraia aliupata baada ya uchaguzi uliopita, kwa hiyo bahasha ya bunge ilikuwa ya kwanza maishani mwake katika nchi hii.

"Karibu, Mwalimu," akasema; ndivyo wanavyoniita wote hapa. "Umechelewa. Mchungaji amehubiri mpaka wapi leo?"

"Mpaka Wagalatia."

"Basi amefupisha."

Anicet akaleta chai. Ni dereva wa basi, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu kidevuni, naye ndiye anayemwosha Mama, anayempikia na kumgombeza daktari kwa simu. "Tia tu sahihi hapa, Mwalimu," akasema, "niwahi kabla foleni haijawa ndefu. Jioni nina zamu."

Nilivaa miwani nikaisoma bahasha kubwa kutoka juu hadi chini. Waliotufundisha kusoma walitufundisha kwamba sahihi isiyotanguliwa na kusoma ni uongo ulioandikwa kwa mwandiko mzuri. Katika sehemu ya mjumbe, Anicet alikuwa ameandika: mtoto wa mpiga kura.

"Anicet," nikasema, "hapa umeandika neno lisilo mahali pake."

Alitazama nilipoonyesha kidole. Akamtazama Mama, akanitazama mimi, na tabasamu lake likafifia.

"Kuna nini?" Mama akauliza.

"Hakuna kitu, Mama. Mwalimu ana miwani mipya."

"Miwani ni ya zamani," nikasema.

Yafaa nieleze. Anicet alizaliwa na dada yake Mama Elvire, aliyefariki mwaka wa tisini na tatu, wakati watu wakikimbia vita Muyinga kuelekea Tanzania. Mtoto alikuwa hajaanza kutambaa. Mama Elvire alimfunga mgongoni, akamshika mkono binti yake Prudence, akavuka mpaka. Katika desturi ya kwao, dada wa mama ni mama. Kumwita mtoto "wa dada" naye yupo ni sawa na kumtolea mkeka wake nje. Hakuna mtu katika jumuiya yetu asiyejua habari hiyo, wala hakuna aliyewahi kuitamka mbele yao. Nami sikuwa nimeitamka. Lakini sasa nilikuwa nimeombwa kuthibitisha kwamba siijui.

"Mwalimu," Mama akasema polepole, "unamkana mwanangu mezani kwangu, na chai yangu unainywa?"

Nikakiweka kikombe chini.

"Simkani. Sheria imewataja wanaoweza kuwa wajumbe. Imewataja mume, watoto, wajukuu, wazazi, ndugu. Imewataja wanaomhudumia mgonjwa kwa kazi yao. Mwisho imemtaja mtu amsaidiaye mpiga kura katika mambo yake binafsi. Anicet anaruhusiwa, tena bila shaka yoyote. Ila anaruhusiwa kwa neno la mwisho, si kwa la kwanza."

"Yaani msaidizi."

"Msaidizi."

"Na Prudence?"

"Prudence ni mtoto."

Mama akacheka bila furaha. Prudence anaishi Akalla, mwisho wa njia ya treni ya buluu, na hajafika Hallunda tangu Pasaka. "Kwa hiyo asiyekuja ni mtoto, na anayeniosha miguu ni mtumishi. Ni nani aliyeandika hiyo sheria yako? Ana mama?"

"Si yangu. Kwa sheria, mtoto ni aliyezaliwa na mtu, au aliyeasiliwa mbele ya mahakama."

"Porini kule kulikuwa na mahakama gani?"

Nikaivua miwani, nikaifuta kwa ncha ya tai.

"Kambini," akaendelea, "afisa aliniuliza, huyu mvulana umemzaa? Nikasema sikumzaa, kwa sababu ndivyo alivyouliza. Akaandika. Nikatoka pale nikalia hadi macho yakavimba. Lakini yule afisa sikumjua. Wewe nimekulisha Krismasi ngapi?"

Anicet alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwetu. "Mama, acha. Ni karatasi tu."

"Ingekuwa karatasi tu, Mwalimu angeisaini."

Wakati huo ufunguo ukalia mlangoni. Aliingia Nyokabi, binti Mkenya wa Nyeri anayefanya kazi katika huduma ya nyumbani ya manispaa, akihema kwa ngazi, na mkoba wa dawa begani.

"Shosho, hii ghorofa yako ni Mlima Kenya!" akasema; shosho kwao ni bibi. Kisha akatuona. "Eh, mbona mmekaa kama matanga? Nani amekufa?"

"Bado," Mama akasema. "Mwalimu anajaribu."

Nikamweleza kwa ufupi. Nyokabi akasikiliza huku akipima sukari ya Mama, akaona jambo ni jepesi. "Si mimi niko hapo kwa wale wa kazi? Nipeni hiyo kura. Nikitoka hapa napita shuleni kwenye kituo, naiacha, mambo kwisha. Hakuna wa kudanganya, hakuna wa kununa."

Kwa sheria alikuwa sahihi kabisa. Nilimtazama Mama, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona machozi yamekaribia.

"Binti yangu, Mungu akubariki. Lakini nitume kura yangu kwa mkono wa mgeni, huku mwanangu yuko hapa na miguu yake mizima? Kesho watu wa kanisa watasema nini? Watasema hata Elvire mwenyewe amekubali kwamba hana mwana. Afadhali isiende."

"Shosho, usiache kupiga kura kwa sababu ya hiyo."

"Nilipiga kura mara moja kwetu," Mama akasema. "Mwaka ule ule tuliokimbia. Nilipanga foleni kabla ya jua, nikafurahi kama bibi harusi. Kabla mwaka haujaisha sikuwa na nyumba wala dada. Prudence anadhani napenda siasa. Mimi nataka kitu kimoja: nipige kura, nilale, niamke kesho nikiwa mahali pale pale. Nataka kuona kama inawezekana."

Nyokabi akafungua mkoba wake. Akampa dawa, akamshika bega, akaondoka kwa wagonjwa wengine, na tukasikia viatu vyake vikishuka ngazi kwa muda mrefu.

Nilikuwa nimechoka. Sikuchoshwa na ngazi. Maisha yangu karibu yote nimeketi katikati ya maneno ya watu na maneno ya serikali, nikiyachukua haya kuyapeleka kule, na sijapata kuona siku moja yakitoshana. Daima kuna kipande cha mtu kinachobaki nje. Ningeweza kusaini. Hakuna ambaye angejua. Lakini nikikubali kuandika nisichokiamini kwa sababu ya kumpenda mtu, ushahidi wangu wote wa nyuma unakuwa wa nini?

Anicet akaondoka dirishani. Alifungua droo, akatoa bahasha kubwa nyingine. Alikuwa amechukua mbili maktabani, kwa kuwa anaijua mikono ya mama yake inavyomwaga chai.

"Naandika msaidizi," akasema.

"Usiandike."

"Mama, kila siku nakuosha. Nakupikia. Nani kasema si kweli kwamba nakusaidia?"

"Nami nilikuosha wewe. Mbona sikuitwa msaidizi?"

Anicet akaiacha bahasha mezani. "Navaa sare. Mkikubaliana, niiteni." Akaingia chumbani, akafunga mlango kwa upole, jambo lililoniuma kuliko kama angeubamiza.

Mama Elvire aliutazama mlango ule. Kisha akanisogezea karatasi tupu, nyuma ya tangazo la duka la nyama.

"Wewe shahidi, andika. Sheria inasema maana yake ya mtoto. Na mimi ninayo yangu. Utaisaini kwanza, ndipo nikubali ile nyingine."

"Haitakuwa na nguvu popote, Mama Elvire."

"Nimekuomba nguvu? Nimekuomba uandike."

Nikatoa kalamu. Nikaandika: *Katika nyumba hii, neno "mtoto"*, kisha nikasita, kwa mazoea ya kazi. "Niandike *maana yake ni*, au *ni pamoja na*?"

"Tofauti ni nini?"

"La kwanza linafunga mlango. Asiyetajwa hayumo. La pili linauacha wazi."

Alitazama picha ya Prudence iliyo juu ya kabati, Prudence akiwa na kofia nyeupe ya kumaliza shule.

"Uache wazi," akasema. "Andika: ni pamoja na yule niliyembeba mgongoni kutoka Muyinga. Ajuaye kidonge changu cha asubuhi kilipo bila kuuliza. Ambaye nina haki ya kumfokea mbele ya wageni. Ambaye akichelewa kurudi kazini, silali. Na awe amezaliwa na mimi, au na Alma, ni mamoja."

Alma. Katika miaka yote niliyokunywa chai nyumbani mle, jina hilo sikuwahi kulisikia. Niliandika polepole, nikamsomea. Akasaini kwa herufi zake kubwa za shule ya jioni. Nikaisoma tena kwa ajili yangu mwenyewe, kutoka juu hadi chini, nikitafuta jambo lolote ninalolijua linaloyafanya maelezo hayo yasiwe ya kweli. Sikuliona. Nikatia sahihi, na anwani yangu.

"Anicet!" Mama akaita. "Njoo uandike upuuzi wao."

Akaja amevaa sare. Akaandika kwamba yeye ni mtu amsaidiaye mpiga kura katika mambo yake binafsi, bila kuinua kichwa. Mama akatia bahasha tatu ndogo ndani ya ile kubwa, akalamba gundi, akafunga, akasaini. Nikasaini. Anicet akaichukua kwa mikono miwili, akatoka.

Tulimngoja. Mama alisinzia kitini. Dirishani watu walikuwa wakipita kuelekea shuleni na kurudi, wengine na watoto, kama watu waendao kununua maziwa. Chakula alichokuwa amekipika Anicet kilikuwa kikipoa juu ya jiko.

Aliporudi, Mama alifumbua macho kabla mlango haujafunguka.

"Imepokelewa?"

"Imepokelewa. Wameitia sandukuni."

"Walikuuliza?"

Anicet akavuta pumzi. "Yule mama wa mezani aliniuliza kama mimi ni mwanao. Majina ya ukoo yanafanana."

"Ukasema?"

"Nikasema hapana."

Mama Elvire akainua kidevu, akaielekeza ile karatasi mezani. Anicet akaichukua, akaisoma amesimama, na koti lake mwilini. Niliona macho yake yakifika chini, yakasimama, yakarudi juu, yakashuka tena hadi pale pale. Mkono wake ukaenda mdomoni. Alikaa hivyo hata nikageuka kutazama kwingine, kwa maana kuna mambo ambayo shahidi hakuitiwa.

Kisha alinikabili mimi.

"Mwalimu, hapa umekosea. Vidonge vya asubuhi ni viwili."

"Niliandika nilivyoambiwa."

"Ameambiwa na mimi," Mama akasema. "Cha pili nakitema. Kapashe chakula, kimepoa. Na uvue viatu, nimekuambia mara ngapi? Unaniletea mchanga wa wazungu mpaka mezani."

Anicet akavua viatu. Nikasimama, nikatafuta kofia yangu. Ngazi zilikuwa zikinisubiri, na magoti yalikwisha kukumbuka kila moja.

"Mwalimu, nikushushe," Anicet akasema, sufuria mkononi. "Taa ya ghorofa ya nne haiwaki."

"Nitashika ukuta," nikamjibu. "Wewe kaa na mama yako."