Kiitikio Kisichopanda

Mama alisema Jumapili hataenda kanisani, atasali nyumbani. Alisema hivyo huku anachambua mchele, bila kuniangalia, nikajua kuna jambo. Mama yangu haachi Misa kwa mvua wala kwa homa.

"Nani kakuudhi?" nikamuuliza.

"Hakuna. Sauti yangu hii nimeichoka."

Tangu afanyiwe upasuaji wa koo, sauti yake inakwaruza, na haipandi. Yeye aliyekuwa anasikika hadi mlangoni! Nikambana mpaka akasema. Jumapili iliyopita, kwenye zaburi, watu wa benchi lake walinyamaza katikati ya kiitikio, yeye akabaki peke yake na mkwaruzo wake, na binti wa benchi la mbele akageuka akacheka. Nilitaka kujua huyo binti ni wa nani, nikamfunze adabu. Nina hasira za karibu, wanakwaya wangu wanajua.

"Mwache mtoto wa watu," mama akasema. "Wimbo ulikuwa juu, wenzangu wakashindwa."

Wimbo ulikuwa wangu. Mimi ndiye mwalimu wa kwaya, na zaburi za kila Jumapili natunga mwenyewe. Nilipomweleza shemeji yangu, anayetupigia kinanda, hakunionea huruma.

"Shemeji, unatunga ili kwaya isifiwe. Kiitikio ni cha waamini. Wanakisikia mara moja tu kwa mwimbaji, halafu wanatakiwa wakirudie. Wewe unapanda, unashuka, unawaacha kwenye mataa."

"Na wewe je? Kinanda unakipiga kama unafukuza nyani."

"Hilo nalo kweli," akasema. Tukacheka, lakini maneno yake yalikuwa yameniingia.

Wiki ile zaburi ilikuwa ya mtu anayemwomba Mungu amsikilize. Nikaenda na kiitikio chake hadi jikoni kwa mama, nikajifanya namenya vitunguu, nikawa naimba chini chini. Nilikuwa namtega, maana mama hawezi kusikia wimbo akaacha kuudaka. Nilipofika nota ya *la* alinyamaza. Kwenye *so* akakohoa. Nikashuka, nikazunguka kwenye *do*, *re* na *mi*, na hapo akanidakia bila kujijua, anakwaruza huku kisu kiko mkononi. Nikainamia vitunguu. Machozi yangu yalikuwa na kisingizio.

"Unanitungia mimi?" akauliza ghafla. "Usinitungie. Sitaki kusikika."

"Nani kakwambia? Natungia kanisa zima."

Nilidhani nimemdanganya, halafu nikaona sijadanganya. Jikoni aliimba vizuri tu. Alichokiogopa ni kubaki peke yake. Kiitikio kikimfaa yeye, babu wa benchi la nyuma atakiweza, na mtoto naye atakiweza. Nikaandika nota zile tatu basi, na zile sauti nne ninazozipenda nikazifuta.

Wanakwaya walinijia juu.

"Mwalimu, hiki si cha chekechea?" akasema dada mmoja wa sauti ya kwanza, ambaye bila nota ya juu anaona Misa haijatimia.

Nikamwambia madoido atayapata kwenye beti. Kwenye kiitikio tutaimba sauti moja na watu. Akanuna. Nikamwacha anune.

Mama nilimpata kwa kumbembeleza. "Njoo ukae tu, mama, si lazima uimbe." Jumapili nikamwachia shemeji kwaya, nikakaa benchini na mama.

Mwimbaji akaimba kiitikio mara moja. Kisha watu wakaingia. Waliimba hata wale wanaume wanaoegemea ukuta wa nyuma, ambao sijawahi kuwaona wakifungua kinywa ila kupiga miayo. Nikamsogezea mama sikio. Midomo yake ilikuwa inacheza, mishipa ya shingo imesimama, lakini sauti yake sikuipata. Ilikuwa imezama kwenye za wenzake. Nikafurahi mno, koo likanikaba.

Mwimbaji alipoanza ubeti, mama akanipiga kiwiko.

"Mwalimu mzima umenyamaza?" akaninong'oneza. "Imba, mwanangu."

Kiitikio kilipofika nikajaribu. Ikanitoka sauti ya kukwaruza, mbaya kuliko yake. Mama hakuisikia. Alikuwa anaimba.