Kupitia Nyuma ya Nyumba

Bi Nuala alikuwa akivalishwa soksi alipomcheka mtangazaji wa televisheni. "Sikia anavyojikaza kuongea! Culchie huyo, kama mimi."

"Ndiyo nini hiyo?" Jelagat aliuliza. Alikuwa amemtunza bibi huyo wa Kiayalandi pale Hyattsville, Marekani, mwaka mzima, na neno hilo hakuwahi kulisikia.

"Mtu wa shamba. Watu wa Dublin walituita hivyo. Wengine wanasema limetokana na mji mmoja wa kwetu Mayo, Kiltimagh. Wengine wanasema ni Kiayalandi, cúl an tí, nyuma ya nyumba, kwa sababu ndiko tulikopitishwa. Wataalamu bado wanabishana. Mimi nilikuwa mtumishi Dublin, kwa hiyo usiniulize nashika lipi. Kwenu mnasemaje?"

"Mshamba."

"Walikuita hivyo, maskini?"

Jelagat aliinamia soksi ya pili. "Hapana. Mimi ndiye niliyemwita mtu."

Ilikuwa Jumapili iliyopita, wenzake wa kanisani wakinywa chai sebuleni kwake. Cherono, binti wa baba yake mdogo, aliyefika karibuni kutoka Kericho na kukaa kwake, alirudi kutoka dukani na mfuko wa unga wa wimbi kichwani. Jelagat alimwahi mlangoni. "Pitia nyuma, mshamba wewe, usiniaibishe." Wamaitha, mwenyekiti wao wa kanisani, alimwona Cherono kupitia dirishani akizunguka kwenye mvua, akauliza ni nani.

"Mpangaji wa chini," Jelagat alijibu. Cherono alisikia.

Na leo Cherono alikuwa anahamia Manassas, kwa watu asiowajua.

Jelagat alipofika nyumbani, jirani yao Phineas alikuwa ameshawasha gari la kumpeleka Cherono. Mwenyewe alikuwa akiburuta begi kutoka mlango wa nyuma.

"Cherono, mdogo wangu, rudi ndani. Pitia mbele, tafadhali."

"Leo hakuna wageni, dada. Ndiyo maana naruhusiwa?"

Jelagat alitoa simu, akampigia Wamaitha palepale uani.

"Yule uliyemwona Jumapili si mpangaji. Ni ndugu yangu wa damu. Nilimwonea aibu, nikakudanganya."

Sauti ya Wamaitha ikasikika mpaka nje ya simu: "Basi muulize ule unga alinunua wapi! Lanham nzima nimeutafuta!"

Cherono alicheka kabla hajajizuia, halafu akageuza uso, akajifuta macho.

Jelagat alishika mpini wa begi. Cherono hakuuachia, ila hakuuvuta. Phineas aliwatazama kidogo, akazima gari.