Bwawa Lisilovuja

Jumatatu mpimaji aliporudi kutoka likizo aliambiwa kwamba bwawa limepona. Aliyemwambia ni meneja mpya, mtu nadhifu aliyehamishwa kutoka idara ya usafirishaji, ambaye maishani hakuwahi kuona fomu yenye safu inayoitwa "Maji Yanayovuja". Safu hiyo ilimkosesha raha. Wakaguzi walikuwa waje Ijumaa. Akakumbuka kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, akamwita fundi mwashi, na mabomba kumi na moja yaliyokuwa yakichuruzika chini ya tuta yakazibwa kwa zege.

Mpimaji alikuwa ameyapima mabomba yale miaka kumi na tisa. Tuta la udongo halizuii maji yote; huyachelewesha, mchanga na kokoto zilizopangwa ndani huyachuja, na mabomba huyatoa nje yakiwa safi na bila haraka. Bwawa lisilotoa hata tone hupatikana kwenye picha za kalenda tu. Akachukua kamba yake ya kupimia, akaenda kwenye bomba la wima lililozamishwa tutani kuonyesha maji ya ndani yamefika wapi. Kwa siku sita tangu mabomba yazibwe yalikuwa yamepanda mita mbili na nusu. Yakizidi hapo yangejitafutia mlango, na katika udongo mlango wa namna hiyo haufungiki tena.

Fundi mwashi alikuwa shemeji yake. Nyumba yake, pamoja na dada wa mpimaji na watoto wanne, ilikuwa mita mia sita chini ya tuta. Alimkuta uani akisuuza mwiko.

"Shemeji, yale mabomba umeyazibaje?"

"Zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Hata tembo asukume, halitoki."

"Hilo ndilo linalonitisha."

Akamweleza. Fundi akaitazama nyumba yake, akalitazama tuta, akasema yuko tayari kuzibua saa hiyo hiyo, ila mlinzi wa geti hampitishi mtu na tindo bila karatasi ya meneja.

Meneja alikataa kwa adabu. Mchoro wa vipimo aliutazama, akakiri kwamba mambo hayo yamempita kimo. Moja tu halikumpita.

"Mzee wangu, unataka niweke saini kwamba mimi, meneja, nimeamuru bwawa livuje?"

Hapo mpimaji alitambua kwamba muda wote alikuwa akibishana juu ya maji na mtu asiye na ugomvi na maji. Akarudi mezani kwake, akachukua fomu tupu, akafuta neno moja, akaandika jingine. Safu sasa ilisomeka "Maji Yanayovunwa".

Meneja aliisoma mara mbili. Akauliza kama mabwawa mengine nayo huvuna. Mpimaji akasema yote, tena tangu zamani, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Saini ikapatikana, na karatasi ya geti pia.

Kuzibua kulichukua Jumanne nzima na tindo tatu, maana fundi hakuwa amelisifu bure zege lake. Bomba la kwanza lilitema maji ya rangi ya chai. Mpimaji akayakinga kwa glasi, akaiinua juani, akaichunguza: maji yakiendelea kutoka na udongo, basi tuta linaliwa kutoka ndani. Glasi ya pili kutoka bomba hilo hilo ilikuwa vilevile. Ya tatu pia, na shemeji mtu akaacha utani. Kwenye ya sita mpimaji alianza kuona vidole vyake upande wa pili. Ya tisa ilikuwa safi.

Kufikia Ijumaa maji ya ndani yalikuwa yameshuka mita mbili. Wakaguzi walisimama juu ya tuta dakika ishirini, wakaisoma fomu, wakasifu ubunifu wa uongozi. Walipoondoka, meneja alimvuta mpimaji pembeni.

"Mavuno haya, mzee wangu," alinong'ona, "mwakani hatuwezi kuyaongeza mara mbili?"

Mpimaji akasema atalitazama, akashuka kwenda kuwaonya walinzi wasimpitishe mtu yeyote na tindo.